Mbwa wa Mkurugenzi wa Furaha

Nchi yetu ilipomaliza matatizo yake yote, kama tulivyotangaziwa na redio mara baada ya taarifa ya habari, serikali ilibaki na nguvu nyingi na haikujua pa kuzipeleka. Hospitali zilikuwa tayari, kwa maana kwamba mawe ya msingi yote yalishawekwa. Barabara zilikuwa zimekwisha, na sisi tuliozitumia tulikubali kwamba kweli zimekwisha. Ndipo Mtukufu Mlezi wa Taifa alipoletewa mbwa.

Mbwa huyo alikuwa zawadi kutoka kwa mfalme wa nchi moja ya baridi. Alikuwa mkubwa, mweupe, mwenye manyoya marefu kama zulia la sebuleni, akapewa jina la Fahari. Akajengewa nyumba nyuma ya Ikulu, yenye feni na bustani na walinzi mlangoni. Kila kitu kilikuwamo humo isipokuwa jambo la kufanya. Wiki haikuisha, Fahari akaanza kutafuna viti. Alianza na kiti cha Waziri wa Fedha, na hakuna aliyesikitika. Kisha akatafuna kiti cha Mtukufu mwenyewe, na hapo ikaonekana kwamba taifa lina mgogoro. Siku ya gwaride alilia kwa sauti ndefu tangu mwanzo wa hotuba hadi mwisho wake. Wananchi waliokuwa wakisikiliza redioni walidhani ni mkalimani.

Madaktari walimpima wakasema ana upweke. Mheshimiwa Daktari Kipanga, Waziri wa Mifugo, alieleza kwamba upweke ulikwisha kufutwa nchini kwa amri, lakini kwa kuwa mgonjwa ametoka ng'ambo, ataruhusiwa kuwa nao kwa muda wakati tiba inatafutwa.

Tiba ilipatikana mtaani kwetu, Bomba Kavu. Jirani yetu Sikudhani Mbaruku, mjane wa makamo asiyejaliwa mtoto, alikuwa na kipindi kidogo cha ufugaji redioni, Jumamosi asubuhi, wakati watu wamepanga foleni ya maji. Kwa kawaida alizungumzia kuku na mbuzi. Jumamosi ile alizungumzia mbwa.

“Mbwa anayebaki nyumbani peke yake mpeni kazi,” alisema. “Chukueni gunia kuukuu, likunjeni, mfiche dagaa ndani yake, awatafute. Mchemshieni ukwato wa ng'ombe autafune, aviache viatu vyenu. Mwekeni mahali anapoiona njia, maana hata mbwa anapenda kujua nani amepita na nani. Sumu ya panya iwekeni juu asikoweza kufika. Na mkirudi, kabla hamjakaa, mchezeeni kidogo. Mwenzenu amewangoja kutwa.”

Tulicheka kwenye foleni. Bi Mwamvita, muuza maandazi, alisema mbwa kazi yake ni kulinda, na akitaka burudani abweke. Lakini tulijua Sikudhani hasemi maneno ya redioni tu. Alikuwa na mbwa wake mweusi, Kaniki, aliyemwokota jalalani angali hajafumbua macho, akamnywesha maziwa kwa kitambaa. Jioni tulikuwa tukimwona, mtu mzima na heshima zake, amejibanza nyuma ya pipa la maji, na Kaniki anazunguka ua mzima kumtafuta. Alipompata, wote wawili walifurahi kama hawakuwa wameonana mwaka.

Jumamosi ileile gari la Ikulu likaja redioni kumchukua Sikudhani. Wakati huo kipindi chake kilikuwa bado hakijaisha, kwa hiyo wasikilizaji hatukujua namna ya kutibu mdondo wa kuku, na hatujajua hadi leo.

Akafanywa Mkurugenzi wa Furaha ya Mbwa wa Taifa. Asubuhi ya kwanza ya kazi alikunja gunia, akaficha dagaa, akaweka ukwato na maji, akafungua dirisha la upande wa njia. “Nitarudi mapema,” alimwambia Kaniki. Mbwa akakaa dirishani kumsindikiza kwa macho.

Huko Ikulu aliomba mpira. Mpira ukapelekwa jeshini kuchunguzwa. Wanajeshi wakaupasua waone kuna nini ndani, wakakuta hamna kitu, wakaurudisha vipande viwili na uthibitisho kwamba ni salama kabisa. Akaomba gunia la kufichia nyama. Idara ya Usalama ikasema kitu chochote kinachofichwa ndani ya Ikulu ni siri ya serikali, na mahali kilipofichwa hapawezi kujulikana na raia wa kigeni. Fahari akanusa kidogo, akaenda moja kwa moja kwenye nyama, akaila. Alifanyiwa uchunguzi ili ijulikane nani aliyemwambia.

Hata hivyo Sikudhani hakukata tamaa. Alimchimbia Fahari shimo la mchanga chini ya kivuli, akamfundisha kutafuta, kungoja na kuleta. Akamkata yale manyoya ya baridi. Haukupita muda, mbwa akaacha viti, na siku moja akalala chali mbele ya balozi mmoja, miguu juu, akitaka kukunwa tumbo. Taifa lilipumua. Na kusema kweli, Sikudhani alimpenda. Fahari hakuwa na kosa lolote isipokuwa anwani yake.

Ila hakurudi mapema. Alirudi giza limeingia, mifupa inamuuma. Kaniki alimletea kipande cha gunia, akakiweka miguuni pake, akarudi nyuma kungoja. “Kesho, mwanangu,” Sikudhani alisema. Kesho yake alisema hivyo tena. Ikafika siku Kaniki hakungoja; alichimba chini ya geti akatoka, akapatikana barabara ya kwenda Ikulu, ulimi nje. Sikudhani aliogopa magari yasije yakamkanyaga. Akanunua mnyororo.

“Wiki hii tu,” alimwambia akimfunga, na hakumtazama machoni.

Bi Mwamvita alimngojea asubuhi moja mlangoni.

“Mwanangu, mbwa wako analia mchana.”

“Shikamoo, Bi Mwamvita. Analia vipi?”

“Marahaba. Lugha yake siijui. Lakini hasemi jambo jema.”

Siku hiyohiyo Sikudhani alimwomba Waziri ruhusa ya siku chache. Waziri alisema ruhusa ya Mkurugenzi haiwezi kutolewa bila ridhaa ya Fahari. Fahari akaulizwa mbele ya mashahidi, akaguna. Ombi likakataliwa.

Sasa kwa kuwa mbwa mmoja alikuwa na furaha, Waziri Kipanga aliona haja ya kuieneza furaha hiyo nchi nzima. Alihutubia uwanjani.

“Ndugu wananchi,” alisema, “mataifa mengine hupimwa kwa mazao, mengine kwa madini. Sisi tumekataa kupimwa kwa vitu ambavyo hatuna. Sisi tutapimwa kwa mikia. Mkia wa mbwa wetu ukitikisika, dunia itajua kwamba huku nyuma kuna serikali.”

Mama mmoja aliyekuwa amekaa mbele aliuliza kama mpango huo utawafikia na watoto. Waziri akamjibu kwa upole kwamba watoto wana wizara yao, tatizo ni kwamba haina petroli.

Mpango ukawa sheria, na kanuni zake aliziandika Sikudhani mwenyewe, na alizipatia. Mbwa asifungwe mnyororo kutwa. Asiachwe nyumba tupu tangu asubuhi hadi giza. Apewe kivuli, maji, kitu cha kutafuna na mtu wa kumchezesha. Asiyetimiza hayo, mbwa wake achukuliwe apewe mwingine. Alipofika kwenye kanuni ya mnyororo, mkono ulisita.

“Vipi, ni kali mno?” Waziri aliuliza.

“Hapana, Mheshimiwa. Iko sawa.”

Akamalizia kuiandika.

Askari wa Mikia wakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Mtaani kwetu watu walionekana alasiri wakitupa vijiti na kuvifuata wenyewe, kuwaonyesha mbwa wao jinsi ya kufurahi. Jirani mmoja asiye na mbwa alitakiwa aeleze anamfurahisha nani. Tulitii kama kawaida, na wengine, siwezi kuwataja, walianza hata kuvipenda vile vijiti.

Kisha jioni moja Sikudhani akarudi akakuta mnyororo umelala chini, umekatwa. Bi Mwamvita alikuja ukutani.

“Wamemchukua,” alisema. “Walimsikia akilia, wakaruka geti. Wakauliza ni nyumba ya nani hii isiyo na huruma.”

“Ukasemaje?”

“Nikasema sijui. Niliona haya kukutaja.”

Sikudhani aliingia ndani. Kwato alizokuwa akimwachia zilikuwa zimejaa pembeni, hazijaguswa. Mbwa aliyekata tamaa hatafuni. Hilo alilisema yeye mwenyewe redioni, na nchi nzima ilikuwa inalijua.

Siku ya pili yake ilikuwa ya kufungua rasmi Kituo cha Taifa cha Kuliwaza Mbwa. Kituo kiliwekwa kwenye ghala la mahindi la serikali, ambalo lilikuwa na nafasi ya kutosha kwa sababu mahindi hayakuwamo. Ukutani palichorwa majani mabichi na mto. Kipaza sauti kilikuwa kinawaburudisha wanyama kwa hotuba teule za Mtukufu. Mbwa wote walikuwa wamelala ndani ya vyumba vya waya, nyuso zimeelekea ukutani.

Waziri alifika na wapiga picha, Sikudhani ubavuni pake. “Nionyesheni mwenye furaha,” alisema. Msimamizi wa kituo alianza kutokwa na jasho, akatembea chumba hadi chumba akiwasihi mbwa kwa sauti ya chini.

Ndipo katika chumba cha mwisho Kaniki akanyanyua pua. Akainuka. Mkia wake ukaanza kupiga mabati kwa nguvu hadi ghala zima likavuma, akasukuma pua kwenye waya akilia kile kilio chembamba ambacho mbwa hutoa kwa mtu mmoja tu.

“Huyu hapa,” Waziri alisema, uso umemchanua. “Amekuja lini?”

“Jana, Mheshimiwa,” msimamizi alijibu. “Alikutwa mnyororoni, nyumba tupu. Mwenyewe hajajulikana.”

“Ukatili huu,” Waziri alisema. Akamgeukia Sikudhani. “Mkurugenzi, unamfahamu mbwa huyu?”

Sikudhani alikuwa ameficha mikono nyuma, maana alijua akiusogeza mmoja tu karibu na waya, Kaniki ataulamba, na kila kitu kitajulikana. Wapiga picha walikuwa wanamtazama. Msimamizi pia alikuwa anamtazama.

“Simfahamu, Mheshimiwa.”

“Mbona yeye anakufahamu?”

“Mbwa wote wananipenda. Ndiyo kazi yangu.”

Watu wakapiga makofi. Picha ikapigwa, na magazeti yakaandika kwamba siku moja tu ya malezi ya serikali imemtoa mnyama kwenye dhiki hadi kwenye shangwe. Msafara ulipotoka, Kaniki aliendelea kutikisa mkia, akidhani amefichwa tu na baada ya muda atatafutwa. Alibweka mara moja. Sikudhani alisikia akiwa anapanda gari, akafunga mlango.

Hakula usiku ule, wala hakulala. Asubuhi alikwenda ofisini kwa Waziri kabla ya kwenda kwa Fahari.

“Mheshimiwa, nimesema uongo.”

“Sote tunasema, Mkurugenzi. Kuhusu nini?”

“Yule mbwa wa jana ni wangu. Anaitwa Kaniki. Aliyemfunga ni mimi.”

Waziri alikunywa maji. “Tulitazame jambo hili kitaalamu,” alisema. “Mbwa wa Mkurugenzi wa Furaha anaweza kuwa na huzuni?”

“Haifai.”

“Siyo haifai. Haiwezekani. Yule alikutwa na huzuni. Kwa hiyo si wako.”

“Mnyororo nimeununua mwenyewe, Mheshimiwa.”

“Uliununua kwa ajili ya utafiti.”

“Niliununua kwa sababu alikuwa ananifuata kazini. Niadhibuni.”

Waziri alimtazama kwa huruma ya kweli, kwani hakuwa mtu mbaya, alikuwa waziri. “Kwa kosa gani, mama? Nikikuadhibu, itaonekana sheria imevunjwa na aliyeiandika, na nchi yetu haina mtu wa namna hiyo. Nenda nyumbani ukapumzike.” Akatazama saa. “Au usiende. Fahari anaoga saa nne.”

Sikudhani akatoka pale akiwa mtu asiye na hatia. Alisema baadaye kwamba hakuna mzigo uliowahi kumwelemea kama ule.

Akajaribu njia nyingine. Alivaa kanga zake za nyumbani, akaenda kituoni kama raia yeyote anayetaka kupewa mbwa. Pale mezani alikaa afisa kijana anayeitwa Tausi, mwenye sauti ya taratibu. Alimtambua Mkurugenzi mara moja, akasimama, kisha akakaa tena.

“Samahani, mama. Tumeagizwa tuwaulize watu wote sawasawa.”

“Niulize tu.”

“Nyumbani mchana hubaki nani?”

“Hakuna mtu.”

“Unarudi wakati gani?”

“Giza likishaingia.”

Tausi aliinamisha kichwa. Swali la mwisho aliliuliza kama mtu anayetamani apewe jibu zuri. “Unaweza kuacha kazi, mama, au kuipunguza?”

Sikudhani alifungua mdomo. Aliliona shimo la mchanga na yule mbwa mkubwa aliyenyolewa, ambaye kila asubuhi husikia hatua zake kabla hajafika getini. Aliona pia, na hili alilikiri mwenyewe, gari linalomngojea na watu wanaosimama akiingia.

“Na Fahari atabaki na nani?” alisema.

Tausi aliifunika kalamu yake.

“Maswali haya nimeyaandika mimi,” Sikudhani alisema.

“Najua, mama. Ni maswali mazuri.”

Kaniki akapewa mtu mwingine wiki ileile. Katika historia yote ya nchi yetu, hiyo ndiyo sheria pekee ninayoifahamu iliyofanya kazi kama ilivyoandikwa.

Mtu mwenyewe alikuwa Mzee Matitu, askari magereza mstaafu, anayeishi ng'ambo ya bonde, mtaa wa Relini. Mguu wake mmoja ni mbovu, hivyo hushinda nyumbani. Tausi ndiye aliyemwelekeza Sikudhani, ingawa hakutakiwa. Na siku ya gwaride jingine, Fahari alipochukuliwa kwenda kukaa jukwaani na wakubwa, Sikudhani akapata mchana mzima wa kwake, akavuka bonde.

“Hodi.”

“Karibu ndani.”

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mama. Karibu kigoda.”

Mzee alikuwa ameketi uani anapukuchua mahindi. Magunzi aliyatupia kwenye ndoo kuukuu, na Kaniki, asiye na kamba wala mnyororo, alikuwa akiyatoa moja moja na kuyapanga kivulini kama mwenye duka. Alipomwona mgeni aliacha kazi. Akaja, mkia unatikisika chini chini. Akainusa kanga ya Sikudhani, pindo hadi pindo, akarudia tena, akisoma humo habari zote za mbwa mwingine. Sikudhani alisimama wima amwache asome. Mwishowe Kaniki akamlamba mkono, mara moja, akarudi kwenye ndoo yake.

“Amekujua,” Mzee Matitu alisema.

Jibu la siku ile kituoni, kwamba mbwa wote wanampenda, lilikuwapo bado, lingetosha kabisa.

“Alikuwa wangu,” Sikudhani alisema. “Nilimfunga nikaenda kuchezesha mbwa wa mtu mwingine.”

Mzee aliendelea kupukuchua. “Maisha yangu yote nimekaa na watu waliofanya mabaya,” alisema. “Karibu wote husema si mimi. Wewe umesema ni wewe. Kaa.”

“Nami nilisema si mimi, mzee. Mbele ya Waziri na kamera.”

“Ala.” Mzee alifikiri kidogo. “Basi kaa hivyohivyo.”

Akakaa. Alipewa chai. Walizungumza habari za mvua na za mguu, na Kaniki alipochoka alilala na kidevu juu ya ndara ya mzee. Jua lilipopungua ukali, Sikudhani aliomba ruhusa ya kumtembeza kidogo. Mzee Matitu alimtazama kwa muda, kama alivyokuwa akiwatazama watu walioomba kutoka na kuahidi kurudi. Kisha akaingia ndani, akaleta kamba.

Waliteremka bondeni, mwanamke na mbwa wake wa zamani, wakapanda hadi njia panda. Kushoto ni Bomba Kavu. Sikudhani alisimama. Alikuwa amefagia ua asubuhi ile, na ndani kulikuwa na gunia lililokunjwa, na dagaa humo, ingawa alipokuwa akiwaficha hakujiambia anamfichia nani. Kaniki alikaa chini akamtazama, bila haraka, bila kinyongo. Angemfuata kokote. Mzee mwenye mguu mbovu asingeweza kuwafukuza, na Waziri alishathibitisha kwamba Mkurugenzi hana mbwa, kwa hiyo asingeweza kuwa ameiba mmoja.

Leo ingekuwa njema, jioni ingekuwa njema. Kwa mawazo akafika hadi kesho asubuhi, saa gari linapopiga honi nje, na hapo hakuweza kwenda mbele tena.

“Haya,” alimwambia Kaniki. Akageuka.

Mzee Matitu alikuwa amesimama getini ameshika nguzo. Aliwaona wakija, akajifanya anaangalia mbingu.

“Mmerudi mapema. Amekusumbua?”

“Wakati wa kwenda, hapana,” Sikudhani alisema, akiifungua kamba. “Wakati wa kurudi ndipo aliponivuta.”

Kaniki alikwisha kuingia ndani. Walisikia ndoo ikigongwa.

“Karibu tena, mama,” mzee alisema.

“Asante, mzee. Mungu akipenda.”

Asubuhi yake redio ilitangaza kwamba Fahari ameamka salama, mwenye furaha tele, na wananchi tukaombwa tushukuru. Tukashukuru. Sikudhani hakuwasikia waliomtaja kwa sifa. Alikuwa amekwisha kuondoka kwenda kazini.